Je, wajua utafiti wa barabara hutokaje chuoni hadi ukafika steji?

Mwanafunzi wa uhandisi akihesabu magari Buxton, Mombasa, wiki nzima, kinachozaliwa kwanza ni tasnifu. Inatetewa mbele ya wakaguzi, nakala inapandishwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, na nyingi hulala hapo. Injinia wa kaunti anayepanga upya muda wa taa hana nafasi ya kupekua kurasa mia na ushei, na dereva wa matatu hajui hata kama faili hiyo ipo. Ndiyo maana vyuo vinavyoijua kazi hii havisambazi tasnifu. Huchota kutoka humo kitu kingine, kwa umbo linalomfaa atakayekitumia.

Injinia hupewa kurasa mbili: mahali, tarehe, jedwali la magari kwa kila dakika 15, mchoro wa makutano wenye mishale, na pendekezo lenye namba. Lazima ielezwe pia hesabu ilifanywaje, maana hapo ndipo injinia huanza kushuku. Mwongozo wa TRL, maabara ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, unataka siku 7 mfululizo, saa 16 kwa siku, huku angalau siku moja ya kazi na moja ya wikendi zikihesabiwa kwa saa zote 24. Kwa Mombasa sharti la usiku halina mjadala. Ukihesabu Changamwe mchana peke yake, matrela ya usiku kutoka bandarini yatakupita, na matrela ndiyo yanayobomoa lami. Majaribio ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu wa Marekani, huko Illinois, ya 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha 4 cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu). Yaani ekseli ya tani 12 huiumiza barabara mara mbili ya ekseli ya tani 10. Na wiki ya hesabu ikiangukia Ramadhani, iandikwe wazi, kwa sababu foleni ya jioni husogea kuwahi futari.

Karatasi peke yake haitoshi. Marekani ina mpango uitwao LTAP, ulioanza miaka ya 1980, wenye vituo katika kila jimbo, vingi vikiwa vyuoni. Wakufunzi wake huwafundisha mafundi wa barabara wa serikali za mitaa. Kenya, mlango ulio karibu ni mafunzo endelevu ambayo bodi ya wahandisi, EBK, huwadai wahandisi waliosajiliwa. Mhadhiri akipeleka matokeo yake huko hupata wasikilizaji wanaohitaji alama za mahudhurio. Si haba: angalau hawataondoka mapema.

Kwa abiria, mfano bora tulio nao ni Digital Matatus ya Nairobi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti wa MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, na kampuni ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi njia na vituo. Ramani ya njia zaidi ya 130 ikatoka 2014, na mwaka uliofuata data hiyo ikaingia Google Maps. Kilichoiwezesha data hiyo kusafiri ni umbo lake, GTFS, muundo wa pamoja wa data ya usafiri wa umma: furushi la mafaili ya maandishi matupu, moja la vituo, moja la njia, moja la safari, moja la saa. Matatu haina ratiba, hivyo huandikwa baada ya sekunde ngapi gari jingine hupita, tuseme 600 kati ya 06:00 na 09:00.

Anayetaka kufanya hivyo Mombasa ajihadhari na makosa madogo yanayoua faili zima. Kisiwa kiko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Sahau alama ya kutoa, na steji yako itahamia kusini mwa Ethiopia. Zigeuze namba hizo mbili, itatua Hispania, karibu na Toledo. Karani akiandika 12:00 akimaanisha saa kumi na mbili asubuhi, matatu zitaanza kazi adhuhuri. Naye anayeandika Mwembe Tayari leo na Mwembetayari kesho ameipa programu vituo viwili. Dawa ni orodha moja ya majina iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza, kisha rasimu ya ramani ipelekwe steji, makanga waipitie. Wao hugundua kosa upesi kuliko programu yoyote. Kabla ya kuchapisha, namba za magari na simu za madereva huondolewa, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka, na leseni ya matumizi huandikwa. Bila leseni, mtengeneza programu mwangalifu hataigusa data hiyo.

Asiye na simu janja hukutana na utafiti huo kwenye redio, barazani, au kwenye ramani iliyobandikwa kituoni, kwa maandishi yanayosomeka hatua mbili mbali.

Na ukitaka utafiti ambao haujatolewa? Chuo kikuu cha umma, mfano kile cha Ufundi pale Tudor, kinabanwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, taja mada, mahali na mwaka, lielekeze kwa afisa wa habari wa chuo. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21.