Harufu ya Mjomba Ilikuwa ya Jioni

Wateja wengi wanaoingia dukani kwangu hapa Mtwara mjini huchagua manukato kwa namna moja: hung'oa kizibo, hukisogeza puani, huvuta pumzi mara mbili, kisha huuliza bei. Nimeuza pafyumu za chupa na za kupima kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado sijapata maneno mepesi ya kumzuia mtu asifanye hivyo, hasa akiwa tayari ameshika fedha mkononi. Lakini kila ninapomwona mtu akinusa kizibo na kukunja uso, namkumbuka mjomba wangu, kwa sababu harufu ya kiume iliyonitia katika kazi hii nisingeipenda hata kidogo kama ningeanza kuijua kutoka kwenye kizibo.

Mjomba aliishi Mikindani na alikuwa karani wa ghala la korosho kwenye bandari ya Mtwara. Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa uzito wa neno mjomba. Kwa wa mikoa mingine niseme tu kwamba kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, hivyo kaka wa mama ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu yetu. Aliporudi kutoka kazini hatukumkimbilia, bali tulimsubiri barazani, tukamwamkia mmoja mmoja, naye akainama kuweka kiganja juu ya kichwa cha kila mtoto. Alipoinama, ukosi wa shati lake ulikuwa unapita karibu na uso wangu, na hapo ndipo nilipoisikia harufu ile.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni ya kuogea ilipatikana kwa foleni, na siku nyingine foleni ilivunjika bila sabuni kuonekana. Manukato yaliyokuwepo nyumbani yalikuwa ya kina mama: udi wa kufukizia nguo, asumini ya kutunga, marashi ya kunyunyiza kwenye shughuli. Wanaume walipaka uturi kidogo siku ya Ijumaa, basi. Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa na chupa nyeupe kama maziwa, iliyochorwa merikebu ya matanga, aliyopewa na baharia wa meli iliyokuja kupakia korosho ghafi za kupelekwa India. Aliificha kabatini nyuma ya vitabu vyake vya hesabu. Kila alfajiri baada ya kunyoa alidondosha matone machache kiganjani, akajipaka mashavuni na shingoni, na masalio akayafutia kwenye ukosi, sisi tukiwa bado tumelala. Kwa hiyo sikuwahi kuisikia harufu hiyo ikiwa mbichi. Niliisikia saa kumi na moja jioni tu, baada ya kutwa nzima ya jua, jasho, vumbi la ghala na magunia ya katani.

Siku moja nilijitia ujasiri nikamwambia, "Mjomba, unanuka vizuri." Alicheka, kisha akanisahihisha: "Kinachonuka ni samaki wa juzi. Mtu hunukia." Nilidhani ananifundisha adabu, na kwa kweli alikuwa ananifundisha sarufi. Kunuka ni jambo la kitu chenyewe. Ile i ya kati katika kunukia, inayofanya kazi kama i ya kupikia na e ya kusomea, hunifanya niamini kwamba anayenukia humnukia mtu mwingine. Huenda wanaisimu wasikubaliane nami, lakini muuza manukato ana haki ya kuwa na nadharia moja ya lugha, na hii ndiyo yangu.

Chupa yenyewe, kama baadhi yenu mmeshatambua, ilikuwa Old Spice. Ni kazi ya kampuni ya Shulton ya Marekani, iliyoanzishwa na William Lightfoot Schultz mwaka 1934. Manukato ya kwanza yenye jina hilo yalitoka mwaka 1937 yakiwa ya wanawake, na ya wanaume yakafuata mwaka 1938. Tangu mwaka 1990 jina hilo limo mikononi mwa kampuni ya Procter & Gamble. Leo mara nyingi chupa ni ya plastiki, na wenye duka la kifahari wanaiona kama kitu cha wazee wa kinyozini. Sijali. Nimefungua chupa za bei ya ng'ombe mzima ambazo hazikupangwa kwa ustadi ule.

Mimi mwenyewe niliinunua kwa mara ya kwanza mwaka 1998, nilipokwenda Dar es Salaam kufuata bidhaa. Nililala gesti, asubuhi nikanyoa, nikaifungua kwa shauku ya miaka kumi na tano, na nikavunjika moyo. Kilichonijia kilikuwa ukali wa spiriti, ganda la chungwa, na kitu kama anisi, kikali na cha haraka. Mjomba hakuwemo. Niliamini nimeuziwa bidhaa bandia, na kama basi la kusini lisingekuwa linaondoka ningerudi dukani kugombana. Nilijipaka hata hivyo, kwa kuwa fedha ilikuwa imeshatoka, nikafuta mikono kwenye ukosi wa shati kama alivyofanya yeye, nikapanda basi.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo kuvuka Rufiji kulikuwa ni kusubiri pantoni, na siku hiyo tulisubiri mpaka jua likaanza kuzama. Mbu walipoanza, niliinua ukosi wa shati kuziba shingo. Harufu ya mjomba ikanijaa puani, kamili, kana kwamba ameinama mbele yangu. Nilisimama pale kivukoni nikinusa shati langu mwenyewe kama mtu aliyerukwa na akili, na tangu siku hiyo nilitaka kujua kitu kimoja tu: kati ya asubuhi na jioni kilikuwa kimetokea nini?

Jibu liko katika tofauti ya wepesi wa viambato. Manukato ni mchanganyiko wa molekuli nyingi, na kila moja hugeuka mvuke kwa kasi yake. Limonini, inayotoa harufu ya ganda la chungwa na ndimu, huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi. Yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu, huchemka kwenye nyuzi 254. Vanilini kwenye nyuzi 285. Hakuna shingo ya mtu inayofika huko, lakini mpangilio huo hutuonyesha ni nani atakayeondoka kwanza. Chungwa hutoka mbio, ndani ya nusu saa limekwisha. Karafuu hukaa saa kadhaa. Vanilini, pamoja na jamaa zake wazito kama miski na kumarini, hujishikiza kwenye ngozi, na kwenye kitambaa zaidi, kwa sababu kitambaa hakina joto la mwili la kuzifukuza. Losheni ya kunyolea ina mafuta machache sana ya manukato ndani ya spiriti, asilimia chache tu, na kama si ule ukosi wa shati, mjomba angefika nyumbani ananukia korosho peke yake.

Ni kuhusu karafuu ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Mafuta ya tumba la ua la mkarafuu ni yujenoli kwa sehemu kubwa, kati ya asilimia 70 na 90, na mtoto wa pwani huijua harufu hiyo kabla hajajua kusoma: iko kwenye pilau, iko kwenye chai ya rangi, iko kwenye jino bovu la bibi, iko kwenye kahawa ya msiba. Waliotengeneza Old Spice waliweka karafuu, mdalasini na karnesheni, ua la Kizungu lenye harufu ya karafuu, mambo ambayo kwa Mmarekani yalikuwa harufu ya safari za mbali za merikebu za viungo. Kwangu mimi mambo yalikuwa kinyume kabisa. Chupa iliyosafiri nusu ya dunia ilinifikia ikiwa na harufu ya jikoni kwetu, ila sasa ilikuwa shingoni mwa mwanamume aliyevaa shati jeupe na kubeba kalamu mfukoni. Nadhani ndiyo sababu niliipenda papo hapo bila kuizoea kwanza.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye sana na lililonifurahisha kuliko yote. Yujenoli na vanilini ni ndugu wa tumbo moja: mifupa ya molekuli zake inafanana, zikatofautiana mkia tu. Vanilini ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann kutokana na utomvu wa misonobari, na kwa muda mrefu baadaye viwanda viliitengeneza kutokana na yujenoli ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo karafuu inapofifia jioni na vanila ikabaki, pua haioni mshono. Harufu haikatiki, inazama polepole kama jua la Mikindani nyuma ya minazi, na huwezi kusema ni saa ngapi hasa ilipobadilika.

Manukato mengine maarufu ya kiume hayana utaratibu huo. Jamii nzima inayoitwa fujeri ilianzia Paris mwaka 1882, Paul Parquet alipotengeneza Fougère Royale kwa ajili ya nyumba ya manukato ya Houbigant akitumia kumarini ya maabara, ile mkemia Mwingereza William Henry Perkin aliyoitengeneza mwaka 1868 na inayonukia kama majani yaliyokatwa yakakauka juani. Hiyo ndiyo harufu ya kinyozi duniani kote, naiheshimu. Heshima yangu hupungua kwa manukato ya bahari, yaliyotamba tangu Pierre Bourdon alipotengeneza Cool Water mwaka 1988 kwa wingi wa kemikali iitwayo dihidromirsenoli. Vijana wengi wanayataka, nami nawapimia, lakini bahari ya ndani ya chupa ni sabuni, ndimu na tikiti. Bahari ya Shangani hapa Mtwara ni mikoko, mwani na dagaa. Sijawahi kukutana na mvuvi aliyenunua.

Sasa nirudi kwa yule mteja wa kizibo. Kwenye kizibo anasikia spiriti na molekuli zinazokimbia, yaani sehemu ambayo jua la Mtwara litaimaliza kabla hajafika kituo cha daladala. Joto letu huharakisha mambo; kinachodumu dakika arobaini kule Ufaransa huenda kisidumu ishirini hapa mwezi Novemba. Ushauri wangu ni kupaka kidogo kwenye kifundo cha mkono na kidogo kwenye kitambaa cha pamba, kuondoka dukani bila kununua, kwenda kufanya shughuli, na kunusa tena baada ya alasiri. Wanaochukua mafuta ya kupima bila spiriti, na hao ni wengi kwa sababu ya swala, wanapata mwanzo mpole zaidi kwa kuwa hakuna spiriti ya kuzirusha zile nyepesi, lakini na wao wasubiri. Mafuta hukaa karibu na mwili, hayakutangulii mlangoni. Wapo wanaolalamika kwamba hayasikiki, kumbe wenzao wanayasikia.

Hili la mwisho lina sababu yake. Tuna aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu puani. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walieleza familia ya jeni zake mwaka 1991 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Vipokezi hivyo huchoka. Harufu isiyobadilika huacha kuripotiwa, ubongo ukabaki na nafasi ya kusikia jambo jipya, kwa mfano moto. Mwenye kujipaka asubuhi huwa wa kwanza kupoteza harufu yake, wakati mgeni anayempita huipata yote.

Mwaka jana, msimu wa korosho, nilimpelekea mjomba chupa mpya. Ni mzee sasa, hanyoi tena kila siku, lakini alinyoa kwa ajili yangu, akadondosha matone kiganjani kwa mkono uleule wa kukadiria. Alinusa, akatikisa kichwa. "Ndiyo yenyewe hii," alisema. "Kali, ya machungwa." Nilimwambia mimi siijui hivyo, ninayoijua ni ya karafuu, laini, ya jioni. Akaniangalia kama mtu aliyeelezwa habari za nyumba yake na jirani. Hakuwahi kuisikia jioni. Kwake ilikuwa inaisha kabla hajafika bandarini.

Tukakaa barazani mpaka magharibi. Nilipoaga niliinama kama zamani, ukosi wake ukapita karibu nami, na ilikuwepo.

"Kunanukia nini?" aliuliza.

"Karafuu, mjomba. Na kama vanila kwa mbali."

Alivuta ukosi mpaka puani, akanusa kwa muda mrefu, akauachia. "Mimi nasikia mabibo tu," alisema, akaelekeza kidole uani, ambako wajukuu walikuwa wameacha ndoo nzima yakichachuka.