Fiziotherapia si kukanda tu: dhana potofu na ukweli

Ndugu wengi mjini Moshi wanaompeleka mgonjwa wa kiharusi "mazoezini" hutarajia akandwe, arudi nyumbani akiwa amepona. Ukweli ni kwamba kukanda ni sehemu ndogo ya fiziotherapia. Mtaalamu hupima kwanza nguvu za misuli, mwendo wa viungo na uwezo wa kusimama bila kuyumba, kisha hupanga mazoezi yenye lengo bayana, kama vile kuinuka kitini bila kushikwa. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia tendo lenyewe mara nyingi, na mkono unaochuliwa tu bila kutumiwa haujifunzi kushika kikombe.

Wengine huiona fani hii kuwa kimbilio la waliokosa nafasi ya udaktari. Ni taaluma kamili, yenye stashahada ya miaka 3 na shahada ya miaka 4, na Moshi ni mojawapo ya vitovu vyake nchini, kwa kuwa hufundishwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Mhitimu anaweza kujikita kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, majeruhi wa bodaboda, au wagonjwa mahututi wanaohitaji msaada wa kupumua na kutoa makohozi.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni ile inayosema kuwa mtaalamu mwenye upendo hamsumbui mgonjwa. Katika familia zetu, kumlisha na kumvalisha mzee ni heshima, hivyo mtaalamu anapomwambia mkwe, "Mama, mwache babu afunge vifungo mwenyewe kwanza," huonekana hana huruma. Lakini huruma yake imo humo humo. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache wakati wa raundi, ilhali mfiziotherapia hukaa naye kwa vipindi vingi, pengine kwa miezi, hadi akajua kuwa choo kiko nje, kwamba njia ya kwenda kihambani, yaani shamba la familia, ina mteremko mkali, na kwamba mzee huyu wa Kibosho analia usiku kwa sababu hawezi tena kukagua migomba yake. Kutokana na ujuzi huo mazoezi hubadilika, kwani kutembea kwenye sakafu laini ya hospitali hakumwandai kwa mteremko ule. Pia mgonjwa anayemwamini mtaalamu husema wazi inapomuuma, na hapo ndipo maumivu ya kawaida ya misuli iliyolala hutofautishwa na maumivu makali yanayotaka zoezi lisimamishwe.

Wapo pia wanaoacha kliniki miezi 6 inapopita tangu kiharusi, wakiamini kuwa kilichobaki hakitarudi. Nafuu ya haraka zaidi huonekana miezi ya mwanzo, ni kweli, lakini wagonjwa wengi huendelea kupata uwezo mpya baada ya hapo, hivyo aliyeacha mazoezi mwaka jana ana sababu nzuri ya kurudi kupimwa upya, akifuatana na ndugu atakayeyasimamia mazoezi nyumbani.