Dhahabu Haiungi Chombo: Dhana Potofu kuhusu Kintsugi

Kintsugi ni ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vya udongo vilivyovunjika. Wengi wanaoona picha za bakuli la Kijapani lenye mistari ya dhahabu huamini kwamba dhahabu iliyeyushwa, kisha ikamiminwa kwenye nyufa. Sivyo. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za Selsiasi, na joto hilo lingeweza kukipasua chombo upya. Kinachounga vipande ni urushi, utomvu wa mti unaoota Japani, China na Korea. Fundi huukanda pamoja na unga wa ngano na maji kidogo mpaka unate, akaupaka kwenye kingo za vigae, akavishikanisha na kuviacha vishikamane. Pengo lililobaki hulijaza kwa utomvu huohuo uliochanganywa na udongo laini, akalisugua hadi mkono usihisi kovu. Dhahabu huja mwishoni kabisa, ikiwa unga unaonyunyiziwa juu ya tabaka jembamba la urushi ambalo bado ni bichi. Inasikitisha kwamba sifa zote hupewa dhahabu, ilhali kazi imefanywa na utomvu.

Dhana nyingine ni kwamba urushi hukauka kwa kuanikwa, kama rangi ya ukuta. Ukweli ni kwamba hugandishwa na kimeng'enya kilichomo ndani yake, ambacho huhitaji joto la wastani na hewa yenye unyevu mwingi. Kwa hiyo chombo hufungiwa katika kabati lenye unyevunyevu, na kazi nzima huweza kuchukua miezi. Urushi mbichi huwasha ngozi vibaya, lakini ukishakomaa hauna madhara hayo, na Wajapani wamenywea supu katika mabakuli yaliyopakwa urushi kwa karne nyingi. Seti za vifaa vya kintsugi za bei nafuu zinazoahidi matokeo ya haraka kwa kawaida hutumia gundi ya epoksi na unga usio dhahabu. Hizo zifae mapambo, si chakula.

Husimuliwa pia kwamba ufundi huu ulianza katika karne ya 15, baada ya shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshimasa kupeleka China bakuli lake lililopasuka, likarudishwa likiwa na vibanio vya chuma visivyopendeza. Bakuli linalohusishwa na kisa hicho, Bakohan, limo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, na vibanio vyake vingalipo, bila dhahabu yoyote. Zaidi ya hayo, watu wa enzi ya Jomon, enzi ya kale kabisa ya Japani, walikwisha kuunga vyungu kwa urushi maelfu ya miaka kabla ya shogun huyo kuzaliwa.

Wala si lazima iwe dhahabu: mafundi hutumia fedha pia, au huacha urushi wenyewe uonekane.