Kichwa Kikikuuma Mlimani, Usipande: Maswali Ninayoulizwa Kigoma Kuhusu Safari ya Kilimanjaro

Mimi ni tabibu hapa Kigoma. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka kadhaa upande wa Moshi, kwenye kituo kilichokuwa kikipokea watu wanaoteremshwa kutoka Kilimanjaro. Kila Desemba ikikaribia, vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji wanachangishana nauli waende kufika kileleni siku ya Uhuru, na baadhi hupita kwangu wakitaka vitu viwili: kupimwa afya, na vidonge vingi vya kutuliza maumivu ya kichwa. Kupima nawapima. Hivyo vidonge ndivyo vinavyonifanya niandike.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Ni mwili kushindwa kuizoea hewa nyepesi kwa kasi unayoupandisha. Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya hapa. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na pale unapata karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunaishi kwenye mita 770 hivi.

Dalili huweza kuanza ukivuka mita 2,500, mara nyingi saa 6 hadi 12 baada ya kufika kambi mpya: kichwa kuuma, na pamoja nacho kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usiolingana na mwendo wa siku hiyo.

Kichwa kikiuma kidogo tu, si nameza panadol naendelea?

Hapana. Panadol unaweza kumeza, haina ubaya. Ubaya ni hilo neno "naendelea". Kidonge kinanyamazisha kichwa, hakiongezi oksijeni. Kichwa ndiyo kengele ya kwanza, nawe unaizima halafu unapandisha ugonjwa mita 500 au 1,000 nyingine. Kichwa kikikuuma baki kambi uliyopo, kunywa maji, kula kidogo, pumzika, mwambie kiongozi wako. Dalili zikiisha kabisa, na kidonge nacho kikiwa kimeisha nguvu, ndipo upande. Zikibaki vilevile, baki. Zikiongezeka, shuka.

Nitaeleza niliyemwona. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua kipana, aliletwa alfajiri kwenye kile kitanda cha gurudumu moja wanachoteremshia wagonjwa. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Alikuwa amekaa, kwa sababu kila walipomlaza alikosa pumzi, na kila akikohoa alitema povu lenye rangi ya waridi kwenye kola ya koti. Nilimuuliza, "Umeanza kuumwa lini, mwanangu?" Akajibu neno moja: "Juzi." Mfukoni mwake tulikuta karatasi tatu za vidonge vya maumivu, zote tupu. Kiongozi wake alikuwa amemuuliza hali asubuhi na jioni, na kila mara alijibu yuko poa. Alipona, lakini alikuwa amebakiza kidogo sana afe.

Mimi ni mchezaji, nina pumzi. Hata Nkungwe kule Mahale nimepanda bila shida.

Hongera kwa Nkungwe, ni mlima mgumu. Lakini una mita 2,462, yaani unaishia pale ambapo ugonjwa huu ndiyo kwanza unaanza. Umejaribu miguu yako, hujajaribu mwili wako kwenye hewa nyepesi.

Mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Nasema tena kwa sababu hakuna jambo ninalobishiwa kama hili: mazoezi hayazuii. Wenye nguvu ndio niliowapokea wengi wakiwa hoi, maana wanakwenda mbio na wanaona haya kusema wanaumwa. Mama wa makamo anayetembea polepole, anayesimama kupumua bila kujali nani kampita, mara nyingi hufika na kurudi salama.

Sisi ni watu wa Kigoma. Je, kama ni malaria?

Swali zuri, na ndiyo hofu yangu ya pili. Ukitoka huku unaweza kuwa tayari umeshaumwa na mbu, vimelea vikalala mwilini wiki moja, mbili au zaidi, homa ikakupanda ukiwa Horombo, kambi ya katikati ya mlima. Malaria nayo huja na kichwa, kutapika na uchovu. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua mpaka siku ya safari, na ukijisikia vibaya kabla ya kuondoka, pima. Usiondoke na homa.

Ninachokikataa ni mtu kujitibu gizani: anameza dawa ya mseto ya malaria ndani ya hema, bila kupima, halafu anaendelea kupanda kwa sababu "nimeshatumia dawa". Ikiwa ni malaria, unahitaji kipimo na matibabu, na hospitali haiko juu. Ikiwa ni mwinuko, unahitaji kushuka. Yote mawili yanakuelekeza njia moja, ya chini. Huna haja ya kujua ni ipi kati ya hizo ndipo uanze kushuka.

Ni dalili zipi ambazo hata kukicha hakusubiriwi?

Makundi mawili, na yote yanaua.

La kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anapepesuka kama mlevi, anachanganya maneno, anashindwa kufunga kamba za viatu, anakuwa mkali bila sababu au anataka kulala tu. Mpimeni hivi: chora mstari ardhini, mwambie atembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba na kutoka nje ya mstari, mazungumzo yameisha, anashuka.

La pili ni mapafu kujaa maji. Anahema akiwa ameketi tu, anakohoa, kifua kinabana, midomo na kucha zinageuka rangi, mwisho makohozi yanakuwa povu. Huyu anaweza asiumwe kichwa hata kidogo, kwa hiyo msimwache kwa kuwa kichwa chake ni kizima.

Wote hawa wanashuka saa hiyohiyo, usiku kwa usiku, angalau mita 300, na vizuri zaidi 1,000. Oksijeni ikiwepo apewe, ila isiwe sababu ya kusubiri. Asibebe mzigo, afunikwe vizuri, na asishuke peke yake hata kama anasema anaweza. Mgonjwa wa mapafu asilazwe chali, akae.

Nimeshalipa hela zote, na kilele kimebaki usiku mmoja. Si nijikaze?

Hapana, hapana, na tena hapana. Najua hela ya safari ile inavyopatikana. Wengine mmeuza mawese, wengine mmecheza mchezo wa kupeana mwaka mzima. Lakini usiku wa mwisho ndio mbaya kuliko yote. Kwa njia ya Marangu unatoka kambi ya Kibo, mita 4,720, katikati ya usiku, kwenye baridi kali, na unapandisha zaidi ya mita 1,100 kwa mkupuo mmoja. Mwili ambao tayari umechoka kutafuta oksijeni unauongezea deni hilo lote. Kujikaza kunafaa kwenye kubeba magunia bandarini. Hakuna kujikaza kunakotoa maji kwenye mapafu.

Wanaume, hili nawaambia ninyi hasa. Kusema "naumwa" mapema si uoga. Ukisema ukiwa na kichwa tu, huenda ukapumzika siku moja na bado ukafika. Ukinyamaza hadi unapepesuka, wapagazi sita watahatarisha miguu yao gizani kwa ajili yako.

Safari iwe ya siku ngapi?

Ndefu kadiri mfuko unavyoruhusu. Ukishavuka mita 3,000, inashauriwa mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kutulia. Sasa hesabu Marangu: Mandara ni 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kulala unaruka mita elfu. Ndiyo maana ile safari ya siku tano siipendi. Chukua ya siku sita, ulale Horombo mara mbili, siku ya katikati utembee juu kidogo kisha urudi kulala palepale. Mwili huzoea kwa kupanda juu na kulala chini. Kwa njia ya Machame au Lemosho, saba au nane.

Kuna dawa ya kuzuia?

Ipo asetazolamaidi, wengi wanaijua kama Diamox. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku. Utakojoa sana, na vidole vitawashawasha kama vyenye ganzi. Kama Septrin au SP, dawa zenye salfa, iliwahi kukudhuru, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Inasaidia kuzoea, haikupi ruhusa ya kukimbia wala ya kupanda ukiwa na dalili.

Deksamethasoni usiitumie kama kashata. Ni dawa ya kuokoa mgonjwa anayeteremshwa, na si ya kununua kaunta umeze ili ufike. Ikikatika ukiwa juu, ugonjwa unarudi kwa kishindo. Pombe na vidonge vya usingizi acheni kabisa, vinapunguza kasi ya kupumua usiku, wakati ambapo mwili unahitaji kuhema zaidi. Tangawizi kunyweni kwa sababu ya baridi, basi.

Nani asipande kabisa?

Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Huku kwetu ni wengi, na upungufu wa oksijeni unauamsha ugonjwa wote. Aliyerithi upande mmoja tu naye aongee na daktari kwanza, na akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ashuke. Wajawazito wasubiri. Wenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au upungufu mkubwa wa damu tuonane kwanza, na msinifiche.

Nikishuka nikapata nafuu, naweza kurudi juu?

Kama kilikuwa kichwa na kichefuchefu tu na vimeisha kabisa, unaweza, polepole. Kama uliyumba au ulihema umekaa, safari hiyo imekwisha. Unapanda gari kwenda hospitali, si mlima, hata ukijisikia mzima. Na ukija kwangu kabla ya kuondoka, nitakuuliza jina la mwenzako mtakayelala naye hema moja. Mje wote wawili, nimfundishe ule mtihani wa mstari, maana siku ubongo wako ukivimba, wewe ndiye utakayekuwa unabisha kwamba huumwi.