Tarantula aliyelala chali kwa kawaida hajafa
Mtwara, kama kwingineko, anayeanza kufuga mtoto wa tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, huambiwa kuwa akimkuta chali basi amekufa. Wengine hutupwa wakiwa hai.

Ukweli ni karibu kinyume chake. Kwenye viungo vikuu vya miguu buibui hana misuli ya kunyooshea. Huinyoosha kwa shinikizo la majimaji ya mwilini. Tarantula akifa, shinikizo hushuka, miguu hujikunja chini ya mwili, na kwa kawaida hubaki kifudifudi. Anayelala chali kwa kawaida anajivua gamba, yaani ngozi ngumu ya nje. Mtoto hujivua mara nyingi kuliko mkubwa, kwa kuwa gamba halikui naye. Siku za kabla ya hapo hugoma kula.

Usimguse wala usimpulizie. Ondoa nyenje yeyote wa kumlisha aliyemo chomboni: akishajivua, meno ya buibui bado ni meupe na laini, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna. Mlishe meno yakishakuwa meusi. Hewa ya pwani ina unyevu tayari. Tia matone machache upande mmoja wa unga wa makumbi ya nazi uliotandazwa chomboni, usiuloweshe wote.