Kufanyiwa kila kitu hakumwondolei mtu uamuzi

Wiki hii nimeisikia tena hapa Sinza ninapotoa ushauri nasaha: "Mama hawezi kujiamulia, kila kitu anafanyiwa." Aliyesema ni kijana anayempenda mama yake kwelikweli, anamwogesha na kumlisha tangu alipopata kiharusi. Mama alikuwa kando yake, kashika khanga kwa mkono mzima. Nikamuuliza yeye: kile kiwanja cha Mbagala kiuzwe? Maneno yalitoka moja moja. "Kisiuzwe. Mpangaji... amalize kwanza." Mwanawe akabaki kimya. Miezi minne anatafuta mnunuzi, hajamuuliza.

Jamani, kujitegemea na kujiamulia ni vitu viwili. Nadhani tunavichanganya kwa sababu tangu Azimio la Arusha la 1967 neno kujitegemea limetukaa sana kichwani. Lakini anayekuogesha hapati kwa kukuogesha haki ya kuuza kiwanja chako. Wagiriki wa kale, wenye neno autonomia, yaani kujitawala, walilitumia kwa miji iliyoishi kwa sheria zake yenyewe. Athens ilikula nafaka ya kutoka Bahari Nyeusi, na bado ilijitungia sheria. Wanafalsafa Catriona Mackenzie na Natalie Stoljar, katika mkusanyiko wa makala waliouhariri mwaka 2000, wanatetea wazo kwamba uwezo wa kujiamulia unakuzwa na watu wanaotuzunguka. Watu haohao wanaweza kuuzima, tena kwa upendo.

Vijana nao huniambia kujiamulia ni kufanya utakacho. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, mwaka 1785, aliandika kinyume chake: anayeburutwa na tamaa hajitawali. Ukikopa gari ili wenzako kwenye grupu wakuone, aliyeamua ni grupu.

Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu? Wasome Sheria yetu ya Ndoa ya 1971: bila ridhaa ya hiari ya wote wawili, hakuna ndoa.

"Akinyamaza amekubali" sitaki hata kuisikia. Wengi wananyamaza kwa sababu wanaharakishwa.

Ushauri wangu ni uleule kila siku: kaa macho yenu yalingane, uliza jambo moja, kisha hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kummalizia sentensi. Yule kijana nilimwambia ahamishe kiti, aanze na la mchana ule: ale nini? Akahesabu, midomo ikimcheza.

"Dagaa," mama akasema. Miezi yote minne alikuwa anapewa uji.