Makumbusho si stoo: tunayoyakosea kila siku

Mwambie mtu wa Dar "naenda Makumbusho", atadhani unafuata daladala. Stendi ile imebeba jina la Kijiji cha Makumbusho, penye msonge na tembe, lakini jina limeishia midomoni mwa makonda. Sishangai basi dhana hizi potofu kuhusu makumbusho zikienea.

"Makumbusho ni stoo ya vitu vya kale." Stoo haijali kitu kimetoka wapi; makumbusho ikiacha kujali, imekufa. Kigeuze kinyago kilichosajiliwa vizuri: mahali pasipoonekana utakuta namba ya wino, ndogo kama safu ya sisimizi. Namba hiyo ndiyo inayokupeleka kwenye rejista: kilitoka kijiji gani, nani alikitoa, lini, kwa hiari au kwa kunyang'anywa. Bila hayo umebaki na kipande cha mti.

"Huku vinaibiwa, bora vikae Ulaya." Hii naisikia hata kwa wasomi, na pa kushika wanapo. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa hapa Dar ilivunjwa na wezi, na kati ya vilivyoibwa kilikuwamo kinyago cha uso cha Wamakonde. Sasa kifuate kilikokwenda. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ikajulikana kuwa ni cha wizi. Kikarudi nyumbani 2010. Yaani miaka 20 baada ya kujulikana! Sisemi wanunuzi walijua tangu mwanzo. Nasema swali la "kimetoka kwa nani?" huulizwa kabla ya kulipa, na kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, zinadai hivyo hivyo.

"Mhifadhi hana msimamo, anapanga tu vitu kwenye kabati la kioo." Kumbe kila kibandiko ni uamuzi. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na leo iko Berlin. Kiunzi kimoja kimesimama zaidi ya mita 13. Kibandiko kikitaja maprofesa wa Kijerumani peke yao hakijasema uongo, ila kimemficha Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji, pamoja na wapagazi walioibeba mifupa ile kwa miguu hadi bandarini.

"Ukipeleka kitu cha babu lazima wakipokee, na bei watakutajia." Wanaweza kukataa. Na biashara ya vitu vya namna hiyo ni mwiko kwa mtumishi wa makumbusho, hata akiwa likizo.

Watakachokuuliza sana ni babu mwenyewe alikipata wapi. Kwa hiyo nenda na shangazi anayekumbuka, maana wewe ukiulizwa utabaki kukuna kichwa.